Siku Niliyoyapamba Maneno ya Mama Furaha

Wanangu mnaotaka ukalimani, mnanipigia simu mkiniuliza kama kazi hiyo bado ipo au simu zinazotafsiri zimeshaimeza. Mmoja wenu alinipigia akiwa ndani ya treni ya kasi ya kwenda Sandton. Kila treni ilipoingia handakini nusu ya swali lake ilipotea, nami nikajibu ile nusu niliyoisikia. Nimeona bora niandike mara moja, niwajibu wote.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Observatory hapa Johannesburg, sasa mstaafu. Nimekaa miaka mingi ndani ya kibanda cha kioo nyuma ya kumbi za mikutano, nikisema maneno ya watu wengine. Mfasiri huandika, ana kamusi na ana muda wa kunywa chai. Mkalimani husema papo hapo, huku anasikiliza sentensi inayofuata. Ukitaka kujua kama kazi hii inakufaa, washa taarifa ya habari ya Kiingereza na uirudie kwa Kiswahili bila kusimama kwa dakika kumi. Ukimaliza ukiwa na hamu ya kuendelea, una kichaa kinachotakiwa.

Sikusomea. Nilikuwa nauza vitenge mtaa wa jirani, Yeoville. Siku moja mteja wangu Mkenya na jirani yangu Mrundi walianza kugombana, na kila mmoja alikuwa anasema Kiswahili ambacho mwenzake alikisikia kama matusi. Nikakaa katikati, nikawa nageuza Kiswahili kuwa Kiswahili. Pembeni alikuwepo mwanamume mrefu mwenye miwani, amekuja kununua kitambaa cha shati. Alisikiliza mpaka ugomvi ukaisha na wale wawili wakauliziana habari za watoto. Ndipo akaniambia, "Mama, weye unafanya kazi yangu bure."

Huyo ndiye Papa Dieudonné wa Bukavu, mwalimu wangu. Alinifunza mambo ambayo simu haitawafunza. Usile karanga kabla ya kuingia kibandani. Kunywa maji ya uvuguvugu, si ya baridi wala yenye gesi. Mwandikie mwenzako namba zikitajwa, kwa sababu anayesema hawezi kushika namba na maana kwa pamoja. Badilishaneni kila nusu saa, hata kama unajiona simba, kwa maana baada ya nusu saa simba huanza kusema upuuzi na hajui. Na vua bangili. Hilo la bangili nilijifunza kwa aibu. Kwenye mkutano wangu wa kwanza nilivaa bangili zangu za Tanga, sita kila mkono, mbele ya maiki. Wajumbe wakawa wanaangalia dirishani, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mvua imeanza.

Alinifunza na jambo la mwisho, ambalo nililiweka akilini bila kulielewa. Mkalimani akisema "mimi", si yeye. Ni yule anayemsemea. Mjumbe akisema "mimi nina njaa", unasema "mimi nina njaa", hata kama umetoka kushiba biriani. Ukitaka kusema habari zako mwenyewe, unasema "mkalimani". "Mkalimani hakusikia." "Mkalimani anaomba kusahihisha." Nilimwona kama mtu anayependa masharti tu.

Sasa niwaeleze mkutano uliofanya nilielewe.

Ulikuwa wa siku tatu, kwenye hoteli moja ya Sandton, moja ya zile zenye zulia zito ambalo ukitembea hujisikii kama umefika. Walikuja watu wa jamii ambazo kwenye nchi zao zilikuwepo kabla ya wengine: Wasan na Wakhoi wa hapa Afrika Kusini, Wahadzabe wa Tanzania, Waogiek wa Kenya, Batwa wa Burundi na wa Congo. Walikuwa wanaandika tamko moja la kupeleka kwa serikali zao. Walitaka katiba ziseme kwamba wapo, na wapate nafasi ya kukaa kwenye mabunge na mabaraza wajisemee wenyewe. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria wa Kikenya anayefanya kazi Sandton, aliyekulia ughaibuni na hajui Kiswahili, mama nadhifu sana, mwenye saa mbili: moja mkononi na moja mezani.

Dakika ya kwanza tu nikaharibu. Mwenyekiti alifungua kwa Kiingereza, akasema tumekusanyika kudai ardhi ya hawa watu, iliyochukuliwa bila ridhaa yao. Neno la haraka likanijia: wenyeji. Nikasema kwa sauti yangu nzuri, "Leo tumekuja kudai ardhi ya wenyeji, iliyochukuliwa bila ridhaa ya wenyeji." Mzee mmoja wa Kihadzabe akamgeukia jirani yake. Kwa kuwa maiki yake ilikuwa wazi, wote tulimsikia: "Kumbe na hii hoteli imenyang'anywa ardhi?"

Papa Dieudonné akaandika kwenye karatasi, akanisogezea: JAMII ZA ASILI. Nikajisahihisha. Mzee yule akasikitika kidogo, nadhani alishaanza kuwaonea huruma wenye hoteli.

Mezani, upande wa kushoto, alikaa Mama Furaha. Alikuwa Mtwa kutoka Kivu, umri wake kama wangu, mfupi, amevaa kitenge cha njano na sweta la mtu mwingine kwa sababu ya baridi ya ukumbini. Hakuwa amesoma, na alilisema hilo mwenyewe kabla hujamuuliza. Lakini alikuwa na ulimi. Mwenyekiti alipoeleza maana ya kutambuliwa na serikali, Mama Furaha aliinua mkono.

"Serikali inatujua muzuri sana," akasema. "Ile siku ya kutufukuza mu pori, haikukosea mulango ata moya."

Hiyo nilimudu, na watu wakacheka. Kisha akaendelea: "Balitutosha mu pori tukiwa na watoto mu mugongo." Mimi mtu wa Tanga nikasikia "kutosha" ya kwetu. Nikawaambia wajumbe kwa Kiingereza safi kwamba walituridhisha kule msituni, tukiwa na watoto mgongoni. Mjumbe mmoja akashusha macho kwa heshima. Papa Dieudonné akanipiga teke chini ya meza, akachukua maiki. "Mkalimani anaomba kusahihisha," akasema. "Waliondolewa msituni." Kwa Kiswahili cha Congo kumtosha mtu ni kumtoa. Wanangu, kijueni Kiswahili cha jirani kabla ya kujivunia chenu. Sisi wa pwani tunadhani tumepewa hatimiliki ya lugha hii, na wenzetu wanatuvumilia tu.

Siku ya pili asubuhi ikaja mada ya viti, basi la wajumbe wengine wa Kiswahili likiwa bado limekwama barabarani. Mwenyekiti alizungumzia viti vinavyotengwa kwa jamii za asili kwenye mabaraza, na Mama Furaha akaomba kusema. Ilikuwa zamu yangu. Alisimama, akavuta sweta, akasema:

"Kwetu balitutengea kiti moya mu baraza. Kiti ya Batwa. Siye tukafurahi, tukacheza. Kisha bakamuleta bwana moya wa mujini. Baba yake tunamujua, mama yake tunamujua, hakuna Mtwa ata moya mule. Lakini ana rafiki mukubwa. Siku ya kula kiapo, alikuwa Mtwa. Kesho yake akapona."

Akangoja kicheko.

Nami nifanyeje? Mstari wa mbele walikaa waangalizi kutoka serikali kadhaa, suti nyeusi, kalamu mkononi. Nikaogopa kwa ajili yake. Huo ndio uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba nilijiogopea mimi, kwa sababu wakala aliyenipa kazi alikuwa amesisitiza kwamba mkutano uende kwa adabu. Pia niliona ule utani hautavuka kwenda Kiingereza, na sikutaka kuonekana nimeshindwa. Kwa hiyo nikasema kwa Kiingereza laini kama mafuta: "Katika eneo letu kumekuwepo na changamoto za kuhakiki sifa za wawakilishi."

Wajumbe wakaandika. Mwenyekiti akashukuru. Mama Furaha akabaki amesimama kitambo, akiangalia nyuso, halafu akakaa.

Papa Dieudonné akaishika chupa yake ya maji. Alifunga kifuniko, akakifungua, akakifunga tena.

Wakati wa chai nilikuwa kwenye foleni ya sambusa, nikasikia mtu ananigusa kiwiko.

"Mama Zuhura," akasema Mama Furaha, taratibu kabisa. "Ile maneno nikiisema kwetu, ata bazee banaanguka chini kwa kucheka. Hapa hakuna mutu alionyesha jino. Ulibaambia nini?"

Ningeweza kumdanganya. Hakujua Kiingereza. Lakini alikuwa ananitazama kama dada anavyomtazama dada, nikamwambia neno kwa neno: changamoto, kuhakiki, sifa, wawakilishi.

Akairudisha sambusa yake sahanini.

"Ule bwana wa kiti, naye anasema ananiwakilisha," akasema. "Sasa muko bawili."

Nimewahi kukaripiwa na mahakimu, nimewahi kukaripiwa na mabalozi. Hakuna maneno yaliyoniingia kama hayo. Nilimwomba radhi. Akasema radhi amepokea, lakini maneno yake bado hajayaona yalipo.

Nikarudi kibandani, nikamweleza Papa Dieudonné, nikitumaini ataniambia mambo yamepita. "Mama," akasema, "kosa la kibandani linasahihishwa kibandani. Si kwenye sambusa."

"Na nikifukuzwa?"

"Utarudi kuuza vitenge. Ulikuwa muuzaji muzuri."

Baada ya chakula cha mchana rasimu ya tamko ilisomwa, kifungu kwa kifungu, ili ipitishwe. Kikafika kifungu cha uwakilishi. Kilisema kwamba viti vitengwe, na serikali ziteue wawakilishi wanaofaa baada ya mashauriano. Nikakigeuza kwa Kiswahili. Kwa kifungu kile, bwana wa Mama Furaha, yule aliyepona, angekuwa halali kabisa. Mama huyu angekuwa amesafiri mpaka Johannesburg, amevaa sweta la kuazima siku tatu, kisha arudi nyumbani na karatasi inayompa yule bwana kiti.

Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Akaangalia saa ya mezani, kisha ya mkononi, kama vile moja ingemhurumia.

Mama Furaha akasimama.

"Miye sina maneno mapya," akasema. "Nataka ule mama wa mu kibanda aseme vile nilisema asubui."

Zamu ilikuwa yangu. Nikageuza, neno kwa neno: "Mimi sina maneno mapya. Nataka yule mama wa kibandani aseme nilivyosema asubuhi." Hapo nikavuta pumzi, nikasahau kila nilichofundishwa, nikaendelea kwa Kiingereza: "Ni kweli. Asubuhi sikusema ukweli. Nilipamba, kwa sababu niliogopa. Naomba mnisamehe."

Mnaona nilichofanya? Nilisema "mimi". Kwa ukumbi mzima, ile sauti ilikuwa ya Mama Furaha. Watu wote wakamgeukia yeye, aliyesimama pale amenyooka na mikono kiunoni kama mtu asiyejutia chochote duniani.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, unasema asubuhi ulitudanganya?"

Swali likarudi kwangu, nikalazimika kumgeuzia Mama Furaha kwa Kiswahili, kupitia vidude vya masikioni: "Mama, unasema asubuhi ulitudanganya?"

Mama Furaha akageuka polepole mpaka akakiona kibanda. "Miye?" akasema.

Nami, kwa mazoea, nikawaambia wajumbe: "Mimi?"

"Ndiyo, wewe," mwenyekiti akasema.

"Ndiyo, wewe," nikamwambia Mama Furaha.

Katika mstari wa mbele suti moja ilishaanza kuandika kitu kirefu. Papa Dieudonné akanipokonya maiki, kwa heshima lakini akanipokonya. "Mkalimani anazungumza," akasema. "Mkalimani ndiye aliyekosea asubuhi. Mjumbe hakukosea kitu. Mkalimani anaomba ruhusa ya kumtafsiri mjumbe upya." Akanirudishia maiki, akaninong'oneza, "Sasa. Bila marashi."

Mwenyekiti akakubali. Mama Furaha akarudia yote: kiti, kucheza, bwana wa mjini, baba yake na mama yake, rafiki mkubwa. Nikamfuata hatua kwa hatua, siongezi, sipunguzi. Akafika: siku ya kula kiapo alikuwa Mtwa. Nikasema. Kesho yake akapona. Nikasema.

Kicheko kilikuja mara tatu. Kwanza waliosikia Kiswahili moja kwa moja. Pili waliosikia Kiingereza changu. Mwisho waliokuwa wanasikiliza Kifaransa, maana kibanda chao kilikuwa kinachukua maneno kutoka kwangu, kwa hiyo wao walicheka wakati wengine wameshaanza kufuta machozi. Mama Furaha alisimama akakipokea kila kicheko kwa zamu, kama mtu anayepokea wageni mlangoni.

Kisha akainuka Oom Dawid. Oom ni mjomba kwa Kiafrikana, na huku ndivyo wazee wanavyoitwa. Alikuwa mzee wa Kisan kutoka Rasi ya Kaskazini, siku mbili hajasema neno. Alisema, "Sisi tuko kwenye nembo ya taifa. Kila barua ya serikali ina picha yetu, na maneno ya lugha ya watu wetu chini yake. Katiba inazitaja lugha zetu. Lakini nikienda ofisini na barua hiyo hiyo mkononi, wananiuliza mimi ni nani. Na kila wakitaka kutuuliza jambo, wanamuuliza mtu ambaye sisi hatujawahi kumwona. Huyu mama kanifurahisha. Kumbe yule bwana wake ana ndugu huku kwetu."

Mwangalizi mmoja wa suti akapinga. Alisema jamii zikiachiwa kuchagua zenyewe, nani atathibitisha kwamba mtu ni wa jamii hiyo kweli? Lilikuwa swali la haki, sitaki kumsingizia ubaya. Mama Furaha hakusubiri hata nimalize kuligeuza.

"Mutuulize siye," akasema. "Tunajua bibi yake."

Kifungu kikabadilishwa. Kikasema wawakilishi watachaguliwa na jamii zenyewe, kwa utaratibu wao wenyewe, na serikali zitawapokea hao. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeandika maneno ya mwisho, na nilimwona hakutazama saa hata moja.

Msije mkadhani nilisifiwa. Wakala aliniita ofisini kwake Randburg, akaniambia amesikia kwamba kibanda changu kina maoni. Nilikaa miezi kadhaa bila kuitwa. Nilirudi kwenye vitenge, na Papa Dieudonné alikuja kununua kitambaa cha shati ambacho hakukihitaji. Kisha yule mwenyekiti wa saa mbili akaandaa mkutano mwingine, akaandika kwa wakala kwamba anamtaka "yule anayesahihisha". Nikarudi, na sikuwahi kupamba tena. Mtu akitukana, nilitukana. Mtu akiongea bila kichwa wala miguu, nilimpeleka hivyo hivyo bila miguu, na wajumbe wakamuuliza wenyewe anakwenda wapi.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu la simu. Simu zinajua maneno mengi kuliko mimi. Lakini simu ikikosea haimfuati mtu kwenye foleni kumwomba radhi, wala haitetemeki kabla ya kusahihisha. Mkiweza hayo mawili, kazi ipo.

Na Mama Furaha? Tamko si sheria, wanangu. Yule bwana alikalia kiti mpaka muda wake ukaisha. Lakini wakati wa kuchagua mwingine, watu wa kwao waliipeleka ile karatasi ya Johannesburg barazani, wakaisoma kwa sauti, wakasema safari hii tunaleta wa kwetu. Wakamleta yeye. Hajui kusoma, kwa hiyo anakwenda na binti ya dada yake anayemsomea, na anamwambia asome kila kitu, hata namba za kurasa.

Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya duka Randburg, ukaingia ujumbe wake wa sauti. Alisema barazani mwenyekiti wao ana tabia moja. Kila yeye akiinua mkono, anaambiwa atasema mwishoni, na mwisho ukifika kikao kimefungwa. Akaniuliza kama kuna neno la kumkata mwenyekiti bila kumtukana, maana la kumtukana analo tayari.

Nikatoka kwenye foleni, nikasimama karibu na matoroli ya duka, nikamjibu kwamba sisi tunasema "hoja ya utaratibu". Halafu nikampigia Papa Dieudonné kuhakikisha, akasema kwao aseme "mosyo" tu, neno la Kifaransa la hoja hiyo hiyo, wataelewa hata walinzi wa mlangoni. Nikamtumia yote mawili, nikamweleza: ukilisema hilo, ni lazima mwenyekiti anyamaze akusikilize.

Wiki iliyofuata akanijibu kwa ujumbe mfupi sana. Kwanza nilisikia kelele za watu wanaotoka kikaoni, viti vinaburutwa. Kisha sauti yake, iliyotulia.

"Mama Zuhura, imefanya kazi. Sasa akiona nimeinua mukono, anakunywa maji kwanza."